Uzamili wa bioteknolojia: chagua maabara kwanza, jina la kozi baadaye

Wahitimu wawili wanaweza kuwa na vyeti vyenye maneno yaleyale, uzamili wa sayansi katika bioteknolojia, na kazi zao zisikutane popote. Mmoja alitumia mwaka mzima akiotesha vichipukizi vya migomba kwenye chupa. Mwenzake alikuwa akitafuta alama za usugu wa dawa katika vinasaba vya vimelea vya malaria. Ukiwabadilishia meza, kila mmoja atahitaji miezi kadhaa ya kufundishwa upya. Ndiyo maana swali la "chuo gani kina bioteknolojia nzuri?" halijibiki mpaka muulizaji aseme bioteknolojia ya kufanyia nini.

Kwa Afrika Mashariki jina hilo limebeba fani nne hivi. Ya kwanza ni ya mimea na mifugo: uoteshaji wa tishu, uzalishaji wa mbegu kwa kutumia alama za vinasaba, utambuzi wa virusi vya mazao. Hapa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kiko nyumbani, na katika fani hiyohiyo kuna vituo kama TARI Mikocheni, cha taasisi ya utafiti wa kilimo, jijini Dar es Salaam, ambako magonjwa ya batobato na michirizi ya kahawia ya muhogo yamefanyiwa kazi kwa miaka mingi, Kawanda nchini Uganda kwa migomba, na maabara za ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo, jijini Nairobi. Ya pili ni ya afya ya binadamu, inayozunguka Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili (MUHAS), Taasisi ya Afya Ifakara, taasisi ya utafiti wa tiba ya KCRI ya Moshi na kituo cha utafiti cha KEMRI-Wellcome Trust cha Kilifi, Kenya. Ya tatu ni ya viwanda. Ya nne ni bioinfomatiki, yaani kuchambua vinasaba kwa kompyuta. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha kituo maalumu kwa ajili yake na bioteknolojia kwa pamoja. Idara ya Baiolojia ya Molekuli na Bioteknolojia ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha inayofundisha ngazi za uzamili na uzamivu, hugusa zaidi ya fani moja. Kwa vyuo vya aina hiyo jina la idara halikwambii kitu. Angalia nani yupo na anafanya nini sasa.

Fani ya viwanda inahitaji maneno zaidi kwa sababu ndiyo inayodanganya wengi. Karibu kila mtaala una somo la uchachushaji, yaani kuotesha vijidudu ili watoe bidhaa, na mwanafunzi akishaotesha bakteria kwenye chupa ya mililita 250 hudhani ameijua kazi. Sivyo. Maji ya nyuzi 25 hushika takriban miligramu 8 tu za oksijeni kwa lita, na bakteria wanaokua kwa kasi huimaliza ndani ya muda mfupi sana. Kwenye chupa inayotikiswa hewa huingia yenyewe. Kwenye tangi la lita elfu kadhaa lazima isukumwe na kuvunjwavunjwa kuwa mapovu madogo, na joto linalozalishwa na bakteria wenyewe halina pa kutokea, kwani eneo la ukuta wa tangi ni dogo ukilinganisha na ujazo wake. Humo humo kuna povu linaloziba vichujio na bakteria wageni wanaoweza kuharibu tangi zima. Haya ndiyo maisha ya kila siku ya sehemu kama Kibaha, penye kiwanda cha viuadudu hai vya kuua viluwiluwi vya mbu, kilichojengwa kwa teknolojia ya Cuba, na pia kituo cha Wakala wa Maabara ya Veterinari kinachotengeneza chanjo za mifugo. Mtu anayetaka kufanya kazi pahali pa namna hiyo atafute programu iliyo karibu na uhandisi wa kemikali, yenye somo la uhamishaji wa joto na oksijeni, kisha aulize maswali mawili: bayoriakta yenu (tangi la kuoteshea vijidudu) ina lita ngapi, na mara ya mwisho iliendeshwa lini? Swali la pili ndilo lenye majibu.

Kabla ya kwenda mbali, onyo moja kwa wanaotaka kazi za maabara za hospitali. Uzamili wa bioteknolojia haukupi leseni ya kupima wagonjwa. Kazi hiyo inasimamiwa na mabaraza ya wataalamu wa maabara za afya, nayo huangalia shahada ya kwanza au stashahada ya maabara za tiba. Mwenye shahada ya kwanza ya baiolojia au ya ualimu wa sayansi hataingia kwenye maabara ya hospitali kwa mlango huu. Ataingia kwenye utafiti, kilimo, viwanda, udhibiti wa ubora, au kwenye uchunguzi wa vinasaba wa kisheria kama ule unaofanywa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali.

Hesabu iliyofichwa kwenye mtaala

Fungua jedwali la masomo ya programu na utafute namba moja: tasnifu ina krediti ngapi kati ya zote. Nchini Tanzania krediti moja huhesabiwa kama saa 10 za kazi, na uzamili una krediti 180, yaani saa 1,800. Uingereza nako uzamili wa sayansi una krediti 180, ila zinamalizwa ndani ya mwaka mmoja, na mradi wa utafiti kwa kawaida ni krediti 60 tu. Kwa kalenda, hiyo ni miezi mitatu hivi ya kiangazi. Ujerumani programu nyingi ni za miaka miwili zenye pointi 120 za mfumo wa Ulaya, 30 kati yake zikiwa za tasnifu, sawa na miezi sita. Wageningen, Uholanzi, hupenda tasnifu ndefu zaidi na huongeza miezi ya mafunzo kazini.

Miezi mitatu inatosha kufanya nini? Inatosha kuchambua sampuli zilizokwisha kukusanywa, kwa mbinu ambayo maabara tayari inaimudu. Haitoshi kuomba vibali, kwenda kijijini kuchukua sampuli, kurekebisha PCR (mbinu ya kunakili kipande cha DNA mara nyingi) isiyotaka kufanya kazi, na kuandika. Anayetaka kujifunza mradi mzima, kuanzia shambani hadi kwenye grafu, atafute programu ya miaka miwili. Anayeshika tayari ujuzi wa maabara na anahitaji cheti cha haraka ili apande daraja kazini, mwaka mmoja wa Uingereza unamfaa sana. Na ipo aina ya tatu, uzamili wa masomo ya darasani pekee usio na tasnifu. Ni halali, lakini vyuo vingi havitampokea mwenye cheti hicho kwenye uzamivu bila kumtaka aonyeshe utafiti mwingine.

Kwa upande wa alama za kuingilia, vyuo vya Tanzania kwa kawaida huanzia GPA ya 2.7 kati ya 5. Ufadhili wa ushindani huanza kuangalia juu zaidi, mara nyingi kwenye daraja la pili la juu, yaani 3.5. Mwenye 2.9 asikate tamaa ila ajue anachouza: uzoefu wa maabara uliothibitishwa kwa barua, makala aliyoshiriki kuandika, au miaka ya kazi kwenye taasisi ya utafiti. Waliosoma ualimu wa baiolojia na kemia, ambao ni wengi, mara nyingi hukwama kwa jambo jingine: hawana somo la biokemia wala la baiolojia ya molekuli kwenye transkripti. Wapo wanaotakiwa kurudia masomo hayo muhula wa kwanza. Ni afadhali kuyasoma kabla na kuwa na cheti mkononi.

Umeme, barafu kavu na foleni

Maabara ndiyo programu. Mtaala ule ule huzaa mhitimu wa miezi 20 mahali pamoja na wa miaka minne mahali pengine, na tofauti ni vitu ambavyo havimo kwenye kijitabu cha chuo.

Chukua mfano wa vitendanishi, yaani kemikali na vimeng'enya vya kufanyia vipimo. Vimeng'enya vya PCR hukaa kwenye nyuzi hasi 20, na sampuli za RNA kwenye hasi 80. Vingi huagizwa ng'ambo, husafirishwa ndani ya boksi lenye barafu kavu, na barafu hiyo hupukutika kuwa gesi ndani ya siku chache. Boksi likikwama forodhani Ijumaa kwa kukosa karatasi moja, Jumatatu inayofuata kilichomo ni maji ya uvuguvugu yenye bei ya dola mia kadhaa. Maabara inayojua kazi ina wakala wa kutoa mizigo anayefahamu neno "haribifu", ina akiba ya vitu vya msingi, na haianzi kuagiza siku mwanafunzi anapovihitaji. Ile isiyojua hupitisha kila chupa kwenye zabuni ya chuo, na mwanafunzi husubiri miezi minne kwa ajili ya praima, vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia PCR, zenye urefu wa herufi 20.

Umeme ni vivyo hivyo. Jenereta ikiwepo, uliza nani hununua dizeli, na kama friza la hasi 80 lina kengele inayompigia mtu simu usiku. Friza likizimika wikendi ndefu, mkusanyiko wa sampuli wa miaka mitano unaweza kupotea, na tasnifu yako nayo.

Usomaji wa mfuatano wa DNA nao una sura mbili. Maabara nyingi za ukanda huu hutuma sampuli nje, Nairobi, Afrika Kusini, Ulaya au Korea, na kupokea faili. Hilo si kosa, lakini mwanafunzi hujifunza kupakia mirija, hajifunzi kuendesha mashine. Mashine ndogo za kusoma DNA za Nanopore zimebadilisha mambo kidogo kwa kuwa zinakaa mezani na kuunganishwa kwenye kompyuta. Jambo la kuuliza ni kama vibao vyake vya kusomea DNA, ambavyo huisha kwa kutumika, vinanunuliwa mara kwa mara, au mashine ilitumika kwenye warsha moja tu.

Mtu wa kumuuliza haya yote ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Msimamizi atakujibu kwa nia njema na ofisi ya udahili itakujibu kwa kijitabu. Mtafute mwanafunzi, mpigie, na umuulize: Vitendanishi vyako vililipiwa na nani? Ulianza kazi ya maabara mwezi wa ngapi baada ya kusajiliwa? Mashine ya PCR mnaigombania watu wangapi? Wenzako walioanza pamoja nawe, wangapi wamewasilisha? Akinyamaza kidogo kabla ya kujibu swali la mwisho, umeshajibiwa.

Msimamizi

Mtafute kupitia makala zake, na usome orodha ya waandishi kwa makini. Katika sayansi za maisha jina la kwanza kwa kawaida ni la aliyefanya kazi, mara nyingi mwanafunzi, na la mwisho ni la kiongozi wa maabara. Msimamizi ambaye wanafunzi wake huonekana mwanzoni mwa makala zilizotoka miaka mitatu au minne iliyopita anawafikisha watu mwisho. Mwenye jina kubwa, makala lukuki na hakuna hata moja iliyoanza na mwanafunzi wake, mpitie mbali kidogo. Angalia pia aya ya shukrani mwishoni mwa makala, inayotaja nani alitoa fedha. Ruzuku ina tarehe ya kuisha, na mradi unaoisha mwezi wa sita hauwezi kukubeba ukianza mwezi wa kumi.

Barua pepe ya kwanza iwe fupi, maneno 150 hadi 200. Kichwa cha barua kiseme kitu kamili, kwa mfano "Maombi ya uzamili: usugu wa dawa kwa kupe, muhula wa Oktoba". Aya ya kwanza itaje makala yake moja na swali ambalo makala hiyo imeliacha wazi. Ya pili ieleze ulichowahi kufanya kwa mikono yako: "nimechopoa DNA kutoka sampuli 60 za damu kavu" ni bora kuliko "nina shauku kubwa ya sayansi". Ya tatu iseme fedha zako zimekaaje, bila kuzunguka. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili na transkripti, katika faili moja la PDF. Kisichosameheka ni barua moja iliyotumwa kwa maprofesa thelathini, yenye jina la mwingine kwenye salamu. Wiki mbili zikipita kimya, kumbusha mara moja, kisha endelea na mwingine.

Fedha

Maneno "ufadhili kamili" yasomwe kama mkataba wa nyumba. Yanaweza kumaanisha ada, posho, nauli, bima na utafiti. Yanaweza pia kumaanisha ada na posho tu, huku kazi ya maabara ikibaki juu yako. Mradi wa kawaida wa PCR na kusoma mfuatano wa DNA hauendeshwi kwa posho ya kujikimu, na wanafunzi wengi wanaochelewa kuhitimu hawakushindwa masomo, waliishiwa vitendanishi.

Ndani ya bara, mlango usiotumiwa vya kutosha ni Chuo Kikuu cha Afrika nzima cha Umoja wa Afrika. Taasisi yake ya sayansi za msingi, teknolojia na ubunifu iko ndani ya chuo kikuu cha JKUAT, Juja, Kenya, na inafundisha baiolojia ya molekuli na bioteknolojia kwa ufadhili wa Umoja wenyewe. Matangazo yake yamekuwa yakiweka ukomo wa umri, na wanawake wameongezewa miaka mitano, hivyo anayekaribia miaka thelathini asiahirishe.

Ujerumani, vyuo vingi vya umma havitozi ada ya masomo, ila jimbo la Baden-Württemberg linatoza wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula, na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Munich nacho kimeanza kutoza. Hata pasipo na ada, viza hudai uonyeshe fedha za kujikimu kwenye akaunti iliyofungwa. Kuanzia Septemba 2024 kiwango kilikuwa euro 11,904 kwa mwaka. Wengi hupata barua ya udahili na kukwama hapo. Ufadhili wa DAAD, shirika la Ujerumani la kubadilishana wanataaluma, huondoa kikwazo hicho, lakini ule wa kozi za maendeleo hudai uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili na kwa kawaida shahada isiyozidi miaka sita. Programu za pamoja za vyuo vya Ulaya za Erasmus Mundus hutoa euro 1,400 kwa mwezi na hukuhamisha nchi mbili au zaidi. Ufadhili wa Chevening wa serikali ya Uingereza hudai saa 2,800 za kazi na ahadi ya kurudi nyumbani kwa miaka miwili.

Marekani ina mantiki tofauti, nayo inawapita wengi. Uzamili huko mara nyingi hulipiwa na mwanafunzi mwenyewe, na ni ghali. Uzamivu, kinyume chake, kwa kawaida hulipiwa ada na posho, na mwenye shahada ya kwanza anaruhusiwa kuomba moja kwa moja. Mwaka wa kwanza mwanafunzi hupitia maabara mbili au tatu kwa wiki kadhaa kila moja kabla ya kuchagua msimamizi, jambo linalopunguza hatari ya kufungwa na mtu msiyeelewana. Maombi mengi hufungwa kati ya mwanzo na katikati ya Desemba. Programu nyingi za baiolojia zimeacha kudai mtihani wa GRE, na ada ya maombi mara nyingi husamehewa ukiomba kwa barua pepe kabla ya kujaza fomu. Mtu mwenye GPA ya 4.2, mwaka mmoja wa utafiti na barua tatu nzuri, anayehangaika kukusanya ada ya uzamili wa Marekani, anapigana vita visivyo vyake.

Vibali na siasa za mbegu

Utafiti wa viumbe una serikali ndani yake. Tanzania, utafiti wa afya hupita NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, kwa kibali cha maadili, na mtafiti wa kigeni huhitaji kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Tume au baraza la namna hiyo kwa Kenya ni NACOSTI, kwa Uganda ni UNCST. Kutoa sampuli nje ya nchi kunahitaji mkataba wa kuhamisha sampuli, na tangu Itifaki ya Nagoya, makubaliano ya kimataifa kuhusu rasilimali za vinasaba, ianze kutumika mwaka 2014, nchi zilizoiridhia zinaweza kudai mgawanyo wa faida hata kwa kipande cha jani. Mwanafunzi aliyedahiliwa Ulaya huku akitegemea sampuli za nyumbani aanze makaratasi hayo kabla hajapanda ndege. Miezi mitatu ya mradi wa Uingereza humalizika huku kamati ikiwa bado haijakaa.

Mazao yaliyobadilishwa jeni ni suala la peke yake. Novemba 2018 Wizara ya Kilimo ya Tanzania iliamuru majaribio ya mazao hayo yasimame, yakiwemo ya mahindi huko Makutupora, Dodoma. Uganda, mswada wa usalama wa bioteknolojia uliopitishwa na Bunge mwaka 2017 na tena 2018 ulirudishwa bila saini ya rais. Kenya ina sheria tangu 2009 na imeruhusu pamba ya Bt, iliyowekewa jeni ya bakteria ili ijikinge na wadudu, kulimwa kibiashara. Kwa hiyo tasnifu inayotegemea shamba la majaribio la zao la aina hiyo inaweza kukatwa katikati na barua ya ukurasa mmoja. Ikiwa mada ndiyo hiyo, andiko la utafiti liwe na sehemu inayoweza kusimama yenyewe ndani ya maabara au kwenye kompyuta.

Hapo ndipo bioinfomatiki inapopata wateja wake. Haihitaji barafu kavu, na data za mfuatano wa DNA zipo bure kwenye hifadhi za umma. Lakini isichukuliwe kama njia ya kukwepa maabara. Anayeingia bila takwimu hujifunza kubofya programu bila kujua namba zinasema nini. Kabla ya kuomba, hakikisha unaweza kufanya kazi kwenye mfumo wa Linux bila kipanya, na kuandika angalau lugha moja ya kompyuta, R au Python, kiasi cha kusafisha jedwali la mistari elfu kumi.

Makaratasi

Mambo madogo ndiyo huangusha. Jina kwenye cheti cha kuzaliwa, cha kidato cha nne, transkripti na pasipoti yafanane, au kiapo cha jina kiwe tayari. Matokeo ya mitihani ya Kiingereza, IELTS au TOEFL, hudumu miaka miwili. Vyuo kadhaa hukubali badala yake barua ya chuo chako inayosema ulifundishwa kwa Kiingereza, nayo hutolewa bila gharama kubwa. Waandishi wa barua za mapendekezo wapewe wiki sita, pamoja na wasifu wako na orodha ya tarehe za mwisho, kwa sababu mfumo humtumia mwandishi kiungo moja kwa moja na mara nyingi kiungo hicho huangukia kwenye barua taka. Kwa shahada ya nje, Tanzania huitambua kupitia tume ya vyuo vikuu, TCU, na Kenya kupitia ya kwake, CUE. Hakiki chuo kabla ya kulipa chochote, hasa vile vinavyofundisha kwa mtandao na kuahidi uzamili wa bioteknolojia usio na siku hata moja ya maabara.

Barua za udahili zikifika mbili au tatu, usijibu ya kwanza kwa furaha. Omba kwa maandishi jina la msimamizi, chanzo cha fedha za vitendanishi na tarehe ya ruzuku kuisha. Ukitaka kuahirisha mwaka, uliza mambo mawili kando kando, kwani chuo mara nyingi hukubali kuahirisha udahili, ilhali ufadhili huenda kwa mtu aliye nyuma yako kwenye orodha.